Haki ya Kualika na Haki ya Kuondoa: Vikosi vya Kigeni na Hoja ya Mamlaka ya Taifa, Tanganyika na Zanzibar, 1960–1965

Katika miezi minne ya mwanzo ya mwaka 1964, makundi manne ya watu wa kigeni waliohusishwa na ulinzi yalipishana katika pwani ya Tanganyika na kisiwa cha Unguja. Askari polisi wa Tanganyika walivuka bahari kwenda Unguja katikati ya Januari, siku chache baada ya Mapinduzi. Makomandoo wa Uingereza walishushwa kwa helikopta Dar es Salaam asubuhi ya tarehe 25 mwezi huohuo. Kikosi cha jeshi la Nigeria kilikuja kuchukua nafasi yao mwezi Aprili, na katika mwezi huo wa Aprili Wamarekani waliokuwa Tunguu waliamriwa kung'oa mitambo yao na kuondoka. Makundi matatu ya kwanza yaliitwa na serikali zilizokuwa madarakani katika nchi husika. Kundi la nne liliwekwa kwa makubaliano yaliyofanywa na dola iliyokuwa ikiitawala Zanzibar kabla ya uhuru.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa makala haya. Historia ya upinzani dhidi ya majeshi ya kigeni barani Afrika kwa kawaida huandikwa kana kwamba swali lilikuwa moja tu: askari wa kigeni wapo au hawapo? Matukio ya Tanganyika na Zanzibar yanaonyesha kuwa swali lililowasumbua wahusika lilikuwa jingine. Walijiuliza nani ana haki ya kumwalika askari wa nje, na muhimu zaidi, nani ana uwezo wa kumwambia aondoke bila kuadhibiwa kwa kusema hivyo. Hoja ya mamlaka ya taifa iliyojengwa katika miaka hiyo haikuwa ya kukataa kila mgeni mwenye bunduki. Ilikuwa hoja ya kumiliki mlango, na makala haya yanadai kuwa nguvu yake na kasoro zake zote zinatokana na jambo hilo.

Kituo cha Tunguu

Mwezi Oktoba 1960 serikali za Uingereza na Marekani zilibadilishana hati za makubaliano ya kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga. Zanzibar ilikuwa bado chini ya himaya ya Uingereza, na haikuwa miongoni mwa watia saini. Kituo kilijengwa Tunguu, kikiwa sehemu ya mnyororo wa vituo vya mpango wa Mercury ulioizunguka dunia kupitia Bermuda, Visiwa vya Kanari, Kano katika Nigeria ya Kaskazini, Bahari ya Hindi, Australia na visiwa vya Pasifiki. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa moja ya sauti zilizozungumza naye kutoka chini.

Kwa sheria, hakikuwa kituo cha kijeshi. Kilikuwa cha NASA, shirika la kiraia lililoundwa mwaka 1958, na Wamarekani walilisisitiza jambo hilo tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, chama cha Zanzibar Nationalist Party, maarufu kwa jina la Hizbu, ambacho katibu mkuu wake wakati huo alikuwa Abdulrahman Babu, kiliendesha kampeni dhidi yake, na katika mazungumzo ya mitaani kituo kikawa ni cha "roketi". Waandishi wa Magharibi waliokuja baadaye wameichukulia lugha hiyo kuwa ni ujinga au propaganda ya kikomunisti. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Roketi ya Atlas iliyombeba Glenn ilitengenezwa awali kuwa kombora la masafa marefu la kubeba silaha za nyuklia, na mpaka kati ya anga ya raia na anga ya askari haukuwa wazi hata kwa wale waliouchora. Isitoshe, tarehe 1 Mei 1960, miezi mitano tu kabla ya makubaliano ya Tunguu, ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya U-2 ilitunguliwa juu ya Urusi baada ya kuruka kutoka Peshawar. Serikali ya Kisovieti ikazionya hadharani nchi zinazokubali ardhi yake itumike kwa safari kama hizo. Mtu wa Unguja aliyejiuliza kama kisiwa chake kingeweza kugeuka shabaha ya vita visivyomhusu hakuwa akiota ndoto za mchana.

Hoja ya amani, kwa hiyo, ilikuwa na uzito. Lakini iliyokuwa na uzito zaidi ni hoja ya saini. Hata kama mitambo ya Tunguu isingekuwa na madhara yoyote, ilikuwa imewekwa katika ardhi ya watu ambao hawakuulizwa, na hakuna chombo chochote cha Wazanzibari kilichokuwa na uwezo wa kukifunga kituo hicho siku ambayo wangebadili mawazo. Hapa ndipo siasa za visiwani zilipoifanya hoja hiyo kuwa ngumu kushikwa kwa mikono safi. Hizbu iliingia serikalini kwa ushirika na Zanzibar and Pemba People's Party mwaka 1961, na kituo kikaendelea kufanya kazi. Babu alifungwa mwaka 1962 kwa kosa la uchochezi, akajitenga na Hizbu mwaka 1963 na kuanzisha chama cha Umma. Uhuru ulipopatikana tarehe 10 Desemba 1963, mitambo ilikuwa bado inazunguka Tunguu, na waliokuwa wakiipinga kwa sauti kubwa miaka mitatu kabla walikuwa wamegawanyika kati ya waliokuwa madarakani na waliokuwa nje.

Wiki ya Januari

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiangusha serikali ya Mohammed Shamte na kumfukuza Sultani Jamshid. Serikali iliyokuwa ikianguka iliomba msaada wa Uingereza na haikuupata. Hapakuwa na mkataba wa ulinzi kati ya nchi hizo mbili. Hilo halikumaanisha kwamba Waingereza walikuwa wamejitoa katika suala la Zanzibar. Katika miezi iliyofuata makamanda wao walitayarisha mpango mmoja baada ya mwingine wa kuingia visiwani kwa nguvu, mmojawapo ukipewa jina la Parthenon, na manowari zao zilikaa karibu. Mpango haukutekelezwa, lakini kuwepo kwake ni ushahidi kuwa kwa Karume na wenzake hofu ya kurudi kwa askari wa Kiingereza haikuwa ya kubuni.

Karume aliomba askari polisi kutoka Tanganyika, na Rais Julius Nyerere akawatuma. Uamuzi huo wa kujirani ulikuwa na gharama ambayo hakuna aliyeihesabu: Dar es Salaam ilipungukiwa na polisi wake wa kutegemewa katika wiki ambayo ingewahitaji kuliko wakati mwingine wowote. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, askari wa batalioni ya kwanza ya Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliwakamata maofisa wao, wakaingia mjini, wakashika maeneo muhimu. Siku iliyofuata batalioni ya pili iliyokuwa Tabora nayo ikaasi. Madai yao yalikuwa mawili: mishahara ipandishwe, na maofisa wa Kiingereza waondoke.

Dai la pili linastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndilo linaloyaingiza maasi haya katika historia ya upinzani dhidi ya majeshi ya kigeni, ingawa kwa mlango wa nyuma. Zaidi ya miaka miwili baada ya Uhuru, jeshi la taifa lilikuwa bado chini ya Brigedia Patrick Sholto Douglas, na sehemu kubwa ya maofisa wake ilikuwa ya Waingereza. Hata majina ya kambi yalikuwa ya kumbukumbu ya vita vya watu wengine: Colito ni mahali nchini Ethiopia ambapo King's African Rifles walipigana na Waitaliano mwaka 1941, na Kalewa, jina la kambi ya Tabora, ni mji wa Burma. Askari wa kawaida aliamka kila siku katika jeshi la Tanganyika lililoamriwa kwa Kiingereza na Mwingereza. Serikali yenyewe ilikuwa na mpango wa kuwapandisha vyeo Waafrika hatua kwa hatua. Kwa askari, hatua hizo zilikuwa fupi mno.

Kwa hiyo maasi yalibeba ndani yake dai ambalo kila mwanachama wa TANU angelikubali katika mkutano wa hadhara, likitamkwa na watu ambao hakuna serikali ingekubali walitamke kwa bunduki. Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, alizungumza nao. Maofisa wa Kiingereza wakapelekwa Nairobi kwa ndege. Nyerere na Makamu wake Rashidi Kawawa wakafichwa kwa muda. Waasi walipata karibu kila walichokidai, lakini hawakurudi katika hali ya utii, na siku zilivyopita zikaja habari kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wakiwasiliana nao. Tarehe 23 Januari askari wa Jinja nchini Uganda wakaasi, na tarehe 24 wale wa Lanet nchini Kenya. Siku hiyo Nyerere aliomba msaada wa Uingereza. Manowari ya kubeba ndege Centaur, iliyokuwa imetoka Aden ikiwa na makomandoo wa kikosi cha 45, ilikuwa tayari karibu na pwani. Alfajiri iliyofuata helikopta zilitua Colito. Mapambano yalikuwa mafupi, baadhi ya askari waliuawa, na jeshi la Tanganyika likanyang'anywa silaha ndani ya siku moja.

Jambo moja kuhusu kasi hiyo halitajwi vya kutosha. Waingereza waliweza kufika kwa saa chache kwa sababu walikuwa bado na Aden na Kenya. Msaada wa haraka kwa nchi isiyokuwa na kituo cha kigeni ulitegemea vituo vya kigeni vilivyokuwa kwa majirani. Tanganyika ilijivunia kutokuwa na kituo cha kijeshi cha Uingereza, na siku ilipohitaji askari wa Uingereza iliwapata kutoka katika vituo ambavyo kimsingi ilikuwa ikivipinga.

Aibu na jinsi ilivyotumiwa

Nyerere hakuficha kwamba tukio hilo lilikuwa aibu kwa taifa. Angeweza kulificha ndani ya lugha ya kidiplomasia, kama walivyofanya viongozi wengine wa wakati huo. Badala yake aliifanya aibu hiyo kuwa hoja. Aliomba kikao cha dharura cha Baraza la Mawaziri la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, na kikao kikafanyika Dar es Salaam tarehe 12 hadi 15 Februari 1964, wakati makomandoo wakiwa bado mjini. Hii ilikuwa hali ya pekee: rais wa nchi huru akiwaeleza mawaziri wa bara zima sababu zilizomfanya awaite askari wa dola iliyomtawala, na kuwaomba wamsaidie kuwaondoa.

Alichokitetea ni kwamba mwaliko ulikuwa wake. Uingereza haikujiingiza wala haikumshinikiza. Hakuwa akiwashutumu Waingereza, na kwa kweli aliwashukuru. Lakini alieleza kuwa kuendelea kwao kukaa kungeitia nchi katika mgogoro wa madola makubwa na kuwafanya majirani na wananchi wake wenyewe waishuku serikali. Msimamo huu ulikuwa na msingi katika maazimio ya bara. Mkutano wa Addis Ababa wa Mei 1963, ulioiunda OAU, ulikuwa umetaka vituo vya kijeshi vya kigeni viondolewe Afrika, ukiliona suala hilo kuwa sehemu ya siasa ya kutofungamana na upande wowote. Azimio hilo lilipitishwa wakati mabomu ya nyuklia ya Ufaransa, yaliyoanza kulipuliwa Reggane katika Sahara mwaka 1960, yalikuwa bado kumbukumbu mbichi, na wakati Tunisia ilikuwa bado ikidai Bizerte, ambayo Wafaransa waliiachia Oktoba 1963. Lakini azimio la Addis Ababa lilizungumzia vituo. Halikuwa na jibu kwa serikali iliyoasiwa na jeshi lake yenyewe.

Jibu la Dar es Salaam lilikuwa kuwaweka askari wa Kiafrika mahali pa Waingereza mpaka Tanganyika ijenge jeshi jipya, huku Tanganyika yenyewe ikichagua nchi za kuziomba. Kwame Nkrumah alikuwa akihubiri kwa muda mrefu kamandi moja ya kijeshi ya bara zima, na tukio hili lingeweza kuwa mwanzo wake. Nyerere hakulipeleka huko. Alitaka msaada wa nchi mahususi kwa muda mahususi, chini ya mamlaka yake. Tofauti hiyo baina ya viongozi hawa wawili, ambayo ingelipuka wazi katika mkutano wa Cairo mwezi Julai, ilionekana tayari katika suala hili la batalioni moja: kwa Nkrumah, mamlaka yangelindwa kwa kuunganishwa, kwa Nyerere, kwa kuwa na uwezo wa kumwambia hata ndugu kwamba muda wake umekwisha.

Nigeria ndiyo iliyotoa kikosi, batalioni ya tatu ya jeshi lake chini ya Luteni Kanali James Pam. Uteuzi huo huelezwa kwa kawaida kwa ukubwa wa jeshi la Nigeria na uzoefu wake katika Kongo, na maelezo hayo ni sahihi. Kuna sababu nyingine iliyoipa Nigeria heshima katika jambo hili hasa. Ilipopata uhuru mwaka 1960 iliingia mkataba wa ulinzi na Uingereza. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Ibadan walikwenda Lagos kuupinga mbele ya bunge mwezi Novemba mwaka huohuo, chama cha Action Group cha Obafemi Awolowo kikaupinga ndani ya bunge, na Januari 1962 serikali za nchi hizo mbili zikaufuta. Nigeria ya mwaka 1964 haikuwa nchi ya mrengo wa kushoto, na kituo cha Mercury cha Kano kilifanya kazi katika ardhi yake. Lakini ilikuwa imekwisha kuonyesha kuwa mkataba wa ulinzi na mtawala wa zamani unaweza kufutwa kwa shinikizo la wananchi na mbingu zisianguke.

Uzito wa maamuzi ya Dar es Salaam huonekana vizuri zaidi ukiyalinganisha na yaliyotokea Libreville siku chache tu baada ya mawaziri kuondoka. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Februari 1964 maofisa wa jeshi la Gabon walimpindua Rais Léon M'ba. Askari wa miavuli wa Ufaransa waliingia na kumrudisha madarakani tarehe 19. Kijuujuu matukio mawili yanafanana: rais, jeshi linaloasi, dola iliyotawala zamani inayokuja kuokoa. Tofauti iko katika yaliyofuata. Gabon ilikuwa na mkataba wa ulinzi na Ufaransa, askari wa Ufaransa walibaki, na kituo chao Libreville kikawa sehemu ya kudumu ya siasa za nchi. Waingereza waliondoka Tanganyika katika muda usiozidi miezi mitatu, kwa ratiba iliyopangwa na aliyewaita. Nchini Kenya, ambako Jomo Kenyatta aliwaita Waingereza wiki ileile ya Januari, suluhisho lilikuwa la katikati: vituo vikubwa vilifungwa kufikia Desemba 1964, lakini makubaliano ya mwaka huo yaliwaachia Waingereza haki ya kuendelea kufanya mazoezi, na mjadala juu ya askari hao haujafungwa Nairobi hadi leo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuihesabu Tanganyika kuwa imefaulu. Lakini kuna upande ambao hoja ya mamlaka ya taifa iliufunika. Katika wiki ambazo makomandoo walilinda mji, serikali iliwatia kizuizini viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi kwa kutumia sheria ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Shirikisho la vyama hivyo, TFL, likavunjwa, na chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, kikaundwa mwezi Februari chini ya uangalizi wa serikali. Baadhi ya waliokamatwa pengine walihusika na maasi. Wengine walikuwa wapinzani wa muda mrefu wa sera za serikali kuhusu migomo na mishahara. Usalama ulioletwa na askari wa kigeni ndio uliowezesha hatua hizo kuchukuliwa bila upinzani. Walioondolewa hawakuwa Waingereza peke yao. Vyama huru vya wafanyakazi viliondoka kabla yao, na havikurudi.

Jeshi jipya nalo lilijengwa kwa misingi hiyohiyo ya utii. Vijana wa TANU waliandikishwa kwa wingi, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaanzishwa rasmi tarehe 1 Septemba 1964, mwezi ambao Wanigeria walifungasha na kurudi kwao. Mkuu wake alikuwa Mrisho Sarakikya, ambaye wakati wa maasi alikuwa Tabora. Colito ikabadilishwa jina na kuitwa Lugalo, mahali ambapo mwaka 1891 Wahehe wa Mkwawa waliangamiza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski. Kambi iliyokuwa ikikumbuka ushindi wa jeshi la kikoloni sasa ilikumbuka kushindwa kwake.

Mitambo inang'olewa

Wakati hayo yakiendelea bara, suala la Tunguu lilipata mwisho wake visiwani. Wamarekani walihamishwa kwa manowari Manley tarehe 13 Januari, na kituo kikabaki. Mpango wa Mercury ulikuwa umemalizika kwa safari ya Gordon Cooper ya Mei 1963. Mitambo ilikuwa ikitayarishwa kwa mpango wa Gemini uliofuata. Mapema Aprili 1964 Karume, ambaye Babu alikuwa waziri katika serikali yake, aliwaarifu Wamarekani kuwa kituo lazima kiondolewe, na kabla ya Muungano wa tarehe 26 Aprili kazi ya kukifungua ilikuwa imeshika kasi.

Hoja ambayo Hizbu iliianzisha mwaka 1960 ilitekelezwa mwaka 1964 na serikali iliyokuwa imeipiga marufuku Hizbu. Kinaya hiki si cha kupambia simulizi. Kinaonyesha kuwa suala la Tunguu halikuwa mali ya chama kimoja wala ya itikadi moja. Lilikuwa dai ambalo yeyote aliyetaka kuonekana ana mamlaka kamili juu ya visiwa alilazimika kulitimiza. Kiusalama, faida ya kukiondoa kituo inaweza kubishaniwa. Wakati huo wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walikuwa wakiingia Unguja, na Wachina na Warusi pia, kwa hiyo visiwa havikuwa vimetoka katika vita baridi. Walichokipata Wazanzibari ni uwezo wa kuvunja makubaliano ambayo hawakuyatia saini.

Wageni waliofuata

Kama hoja ya miaka hiyo ingekuwa kukataa kila askari wa nje, miezi iliyofuata ingeifanya Tanzania ionekane ya kinafiki. Mwezi Agosti 1964 Nyerere alitangaza kwamba wakufunzi wachache wa Kichina wangekuja kwa miezi sita kufundisha matumizi ya silaha. Mabalozi wa Magharibi walifika kulalamika. Jibu lake, alilolitoa mbele ya waandishi wa habari, lilikuwa fupi na la kuumiza: jeshi lililoasi Januari halikuwa limefundishwa na Wachina. Wajerumani wa Magharibi walikuwa wakisaidia kuunda kikosi cha anga. Kambi za wapigania uhuru wa Msumbiji na nchi nyingine za kusini zilifunguliwa katika ardhi ya Tanzania, chini ya Kamati ya Ukombozi ya OAU yenye makao Dar es Salaam. Nchi iliyowaondoa Waingereza na Wamarekani katika mwezi mmoja ilikuwa na watu wengi wa nje wenye bunduki kuliko zamani.

Jaribio halisi la kanuni ya mlango lilikuja Februari 1965. Muungano ulikuwa umerithi ubalozi wa Ujerumani ya Mashariki uliokuwa Unguja, na baada ya mvutano mrefu serikali ikairuhusu nchi hiyo iwe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Bonn iliwaondoa wataalamu wake wa kijeshi papo hapo. Ujumbe ulikuwa wazi: msaada wa ulinzi ulikuwa na masharti ya siasa ya nje. Nyerere hakuomba warudi. Alitaka Ujerumani ya Magharibi iondoe na misaada yake mingine ya serikali, na Kanada ikaja kuchukua kazi ya mafunzo ya kijeshi, ambayo iliifanya hadi mwaka 1970. Uamuzi huo uliigharimu nchi fedha na miradi iliyohitajika sana, na si kila waziri aliuona kuwa wa busara. Lakini unaeleweka tu ukitazamwa pamoja na Januari 1964. Mkufunzi anayeondoka kwa amri ya serikali yake ili kuiadhibu nchi mwenyeji ni sawa na yule asiyetaka kuondoka: wote wawili wanaonyesha kuwa funguo ziko kwa mtu mwingine.

Baada ya hapo suala lilihamia baharini, ambako mlango haukuwa wa nchi moja. Novemba 1965 Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos kutoka Mauritius na kuunda koloni jipya, na kutoka hapo kituo cha Marekani cha Diego Garcia kikazaliwa, huku wakazi wakihamishwa kwa nguvu. Mwaka 1971 Sri Lanka, na kisha Tanzania pamoja nayo, ziliupelekea Umoja wa Mataifa pendekezo la kuitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Azimio namba 2832 lilipitishwa tarehe 16 Desemba 1971 kwa kura 61 bila hata moja ya kupinga, na nchi 55 hazikuelemea upande wowote, yakiwemo madola yenye manowari katika bahari hiyo. Kazi ya Tunguu, kwa upande wake, ilikuwa imehamishiwa Madagaska, katika kituo kilichojengwa karibu na Tananarive. Mwaka 1975 serikali ya Didier Ratsiraka iliwaamuru Wamarekani wakifunge na waondoke.